Nilivyofika Delitzsch, mji wa Hermann Schulze

Jumamosi ile nilipanda treni pale Leipzig, Ujerumani, mimi na dada mmoja tunatoka naye Moshi, haikufika hata nusu saa tukashuka Delitzsch. Mji mdogo tu, una minara ya zamani, mitaa imetulia utadhani watu wamelala. Nilikuwa namfuata mtu aliyefariki 1883, Hermann Schulze, mmoja wa waanzilishi wa vyama vya ushirika Ujerumani.

Huyu mzee kazaliwa hapo hapo 1808, kasoma sheria Leipzig na Halle, halafu 1841 akarudi nyumbani kuwa hakimu. Mavuno yalipoharibika 1846 njaa ikaingia, akachangisha hela zikanunuliwa nafaka ili maskini wapate mkate. 1848 wakamchagua kwenda bungeni Berlin, na kwa vile akina Schulze walikuwa wengi mle ndani wakamuongezea jina la mji wake, ndo akawa Schulze-Delitzsch mpaka leo. Serikali ikamshtaki kwa msimamo wake wa kugomea kodi, akashinda kesi, wakamhamishia Wreschen mbali huko, sasa hivi ni Poland, 1851 akaacha kazi akarudi kwao.

Ila kilichonipeleka mimi ni ile nyumba ya Kreuzgasse ambayo sasa ni makumbusho ya ushirika. Hapo ndo mafundi viatu walianzisha chama chao 1849. Yaani kila fundi alikuwa ananunua ngozi rejareja, kidogo kidogo, kwa bei ya kuumiza na mara nyingi kwa mkopo, viwanda vinakuja kwa kasi, mtu anashona usiku kucha faida yote inaishia kwa muuza ngozi. Schulze akawaambia wanunue pamoja kwa jumla. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kukopeshana, na baadaye wakaja kwenye lile jambo lililonifanya nisimame pale muda mrefu: kila mwanachama anadhamini deni la mwenzake kwa mali yake yote. Fundi mmoja peke yake hakopesheki, lakini mafundi mia wanaodhaminiana mwenye hela anawaamini. Mwaka 1867 Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ikapitisha sheria ya ushirika na yeye ndiye aliyeipigania.

Mimi nimesoma sekondari kwa mkopo wa saccos, mama alikuwa anakatwa kila mwezi na sikuwahi kumsikia analalamika, kwa hiyo niliposimama pale nilibanwa na kifua kabisa.

Tulipofika kwenye sanamu yake nikampigia mama nikamsimulia yote, akanisikiliza vizuri, halafu akauliza, "Na hao mafundi wadhamini wao walikuwa wangapi?" Nikamwambia mama, wote, kila mtu alikuwa mdhamini wa mwenzake. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunitajia mmoja mmoja wale watatu waliomsainia mwaka naingia fomu wani.