Kutoka Kyaka hadi Nabugoye: Sabato Pamoja na Wayahudi wa Mbale

Basi linaloondoka Bukoba alfajiri hulifikia daraja la Kyaka jua likiwa bado chini, na mzaliwa wa Kagera hawezi kulivuka bila kukumbuka kwamba mwezi Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalililipua ili jeshi letu lisiweze kuvuka mto. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori la jeshi katika vita vile, na njia niliyoshika mimi mwezi Desemba ndiyo aliyoipita yeye: Kyaka, Mutukula, Masaka, kinamasi cha Lukaya, kisha Kampala. Hata hivyo sikuwa nikifuata habari za vita. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu anayefundisha Kampala, alikuwa amenialika nikakae Sabato pamoja na watu wake, yaani Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, katika kilima cha Nabugoye nje kidogo ya mji wa Mbale.

Niliupokea mwaliko ule kwa sababu maalumu. Mwaka ule nilikuwa nimekataliwa jambo nililoliombea kwa muda mrefu, na karibu kila aliyekuja kunifariji aliniambia kwamba Mungu amefunga mlango mdogo ili afungue mkubwa. Labda ni kweli, lakini maneno hayo yalinichosha, kwa kuwa waliyasema kana kwamba wameshaona mlango wa pili. Nilitaka kukaa na watu waliokataliwa mara nyingi, tena na wakubwa wa dunia, ambao bado wanasali, niwasikie wao wanasemaje.

Asubuhi ya Ijumaa tuliondoka Kampala mapema, maana rafiki yangu hasafiri jua likishatua siku hiyo. Palipo soko la Najjembe, karibu na msitu wa Mabira, vijana waliyakimbilia madirisha ya basi wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, maji baridi na gonja, zile ndizi tamu zinazochomwa hadi juu zinapoonekana nyeusi. Mwenzangu alinunua gonja mbili na mayai ya kuchemsha, kuku akamwacha, kwa kuwa kuku ambaye hakuchinjwa kwa sheria ya Torati kwao haliwi. Jirani yetu wa kiti cha pili alimuuliza kama ni Mwislamu. Akajibu kwa upole kwamba ni Myahudi. Yule bwana akacheka, akamwambia kwamba hakuna Wayahudi weusi. Rafiki yangu hakubishana naye. Alimega kipande cha gonja akamkaribisha, nao wakazungumza habari za bei ya mahindi mpaka tulipovuka Nile pale Jinja.

Baada ya Iganga tulishika barabara ya Tirinyi inayokata mabonde ya mpunga, na hapo ndipo aliponisimulia asili yao. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha nchi ya mashariki iliyoitwa Bukedi, akitumaini kwamba watamtambua kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Hawakumtambua. Walimpunguzia mamlaka hatua kwa hatua, wakampeleka Busoga, na hatimaye mwaka 1913 akarudi kuishi chini ya Mlima Elgon, mtu mkubwa asiye na ufalme. Huko alizama katika kuisoma Biblia, akiganda zaidi kwenye vitabu vitano vya Musa. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe, na alipoambiwa kwamba kushika sheria za Musa namna hiyo ni mambo ya Wayahudi, alikubali kwamba basi wao ni Wayahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na maelekezo kwa wafuasi wake, na alifariki mwaka 1928.

Ni rahisi kusema kwamba Waingereza wangempa ufalme, Nabugoye isingekuwapo. Rafiki yangu hukubali hivyo, ila huongeza kwamba babu zake hawakuifuata Torati ili kumfuta mtu machozi. Walipomaliza kumzika Kakungulu waliendelea kuishika, ingawa hapakuwa na cheo wala ardhi ya kugawiwa kwa sababu yake.

Kutoka Mbale mjini tulipanda bodaboda. Upande mmoja ukuta wa mwamba wa Wanale ulikuwa umesimama wima juu ya mji, na kando ya njia, mbele ya nyumba, kahawa ilikuwa imeanikwa juu ya maturubai. Bibi mmoja aliigeuza kwa kiganja, akichambua punje mbovu moja moja. Hii ni nchi ya Wagisu, ambao katika miaka inayogawanyika kwa mbili hutahiri vijana wao kwa sherehe ya imbalu, kijana akisimama wima mbele ya umati bila kupepesa jicho. Wayahudi hutahiri mtoto wa kiume siku ya nane. Mwenyeji wetu, mzee aliyekuwa kijana wakati wa Amin, aliniambia kwamba udogoni mwake jambo hilo peke yake lilitosha kumfanya asihesabiwe mwanamume na rika lake, na kwamba kukataliwa na jirani unayechota naye maji kunauma kuliko kukataliwa na serikali.

Jioni sinagogi lilijaa, wanaume na wanawake wakiwa wamekaa pamoja, watoto wakipita katikati yao. Zaburi za kuikaribisha Sabato ziliimbwa nyingine kwa Kiebrania na nyingine kwa Kiganda, kwa sauti zinazopokezana kama kwaya zetu za Kagera, hata mimi nisiyejua maneno nilijikuta nikiitikia.

Baada ya chakula, mzee alinieleza miaka ya Amin. Dini yao ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, na watu waliokuwa wakikadiriwa kuwa 3,000 walibaki mia chache, kwa kuwa wengi walihamia Ukristo na Uislamu ili wapone. Waliobaki walisali majumbani kwa sauti ya chini, mtoto mmoja akiwekwa mlangoni acheze kama kawaida na aanze kuimba akiona mgeni. Mzee mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto hao kabla hajakua. Sikumsikia akiwalaumu walioondoka. Alisema kaka yake ni mmoja wao, na kwamba mtu anayemhukumu mwenye hofu kwanza alale usiku mmoja katika hofu ile.

Nilimwambia kwamba baba yangu alikuwa katika jeshi lililoingia Kampala, na kwamba mpaka anafariki aliikumbuka siku ile kuwa Jumatano. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama najua Jumatano ile ilikuwa siku gani. Ilikuwa tarehe 11 Aprili 1979, na jua lilipotua jioni ile Pasaka ya Kiyahudi ilianza, usiku ambao kila Myahudi huketi mezani kusimulia kutoka Misri. Askari wa Amin waliokimbia walikuwa bado upande huu wa mashariki, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kushangilia njiani. Walikaa ndani, wakasoma habari za Farao, na redio ikiwa pembeni.

Nilijua tarehe ile tangu utotoni kama tarehe ya ushindi wetu. Kukaa mbele ya mtu aliyeipokea kama mkesha wa Pasaka kulinitetemesha, na nilimwambia kwamba kweli Mungu aliwalipa imani yao. Hapo mzee aliinua mkono.

"Mwanangu, usiseme hivyo," alisema. "Walioamini wakafa kabla ya mwaka huo ni wengi, na imani yao haikuwa ndogo kuliko yetu. Sisi tuliamini, na Mungu akatukomboa. Lakini usifanye la kwanza kuwa bei ya la pili."

Asubuhi ya Sabato fungu la Torati lilikuwa lile la Yusufu kujitambulisha kwa ndugu zake, na msomaji aliufuata mstari kwa kijiti chenye umbo la kidole mwishoni, kwa kuwa ngozi iliyoandikwa haiguswi kwa mkono. "Basi si ninyi mlionipeleka huku, ila Mungu." Ni maneno makubwa kutoka kwa mtu aliyeuzwa na ndugu zake. Lakini alasiri, tulipokaa chini ya mti kujifunza, rafiki yangu alisema kwamba Yusufu aliyasema akiwa tayari ameketi karibu na kiti cha Farao, na kwamba yeye humpenda zaidi Rabi Akiva wa Talmudi, yaani mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, katika sehemu iitwayo Berakhot, kwa sababu ya saa aliyosemea neno lake.

Akiva alifika mji fulani akaomba pa kulala, wakamkataa. Alisema kwamba lolote alitendalo Mwenye Rehema hulitenda kwa wema, akaenda kulala porini na punda wake, jogoo na taa. Upepo ukaizima taa, paka akamla jogoo, simba akamla punda. Alirudia neno lake lile lile. Usiku huohuo jeshi likaja likauteka mji, na yeye, asiye na taa wala mnyama wa kupiga kelele gizani, hakuonekana.

Nimeisikia hadithi hii ikisimuliwa kama ushahidi kwamba kukataliwa ni baraka iliyojificha, na sikubaliani na usimulizi huo. Kwanza, wale waliotekwa nao walikuwa watu wenye watoto, na mtu wa Torati haruhusiwi kufurahia; Mithali inakataza kushangilia adui aangukapo, na usiku wa Pasaka Wayahudi hupunguza divai kikombeni wanapoyataja mapigo ya Misri. Pili, na hili ndilo nililosafiri kulipata bila kujua, Akiva alisema neno lake mlangoni mwa mji kabla jeshi halijaja, na akalirudia gizani akiwa hana punda. Hata kama jeshi lisingekuja, neno lingebaki vilevile, na yeye angeendelea na safari kwa miguu.

Mzee aliongeza jambo ambalo wasimulizi wengi huliacha. Kurasa chache tu mbele, Talmudi ileile inaeleza kifo cha Akiva, aliyeuawa na Warumi nyakati za uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba, katika karne ya pili. Walimchana mwili kwa vitana vya chuma saa ya kusoma Shema, ile sala ya kukiri Mungu mmoja, naye akaisoma, wanafunzi wake wakimuuliza kama hata hapo anasali. Waliopanga kurasa zile, mzee alisema, hawakutaka tujifunze hadithi ya punda bila kuifikia hiyo ya pili.

Tangu kuanguka kwa Amin jumuiya imeinuka tena. Vijana wa miaka ya 1980 waliufufua mlima huu. Mwaka 2002 marabi wa madhehebu ya Kihafidhina walikuja na mamia ya watu wakapitishwa rasmi katika uongofu. Gershom Sizomu aliwekwa wakfu kuwa rabi huko Marekani mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Milango mingine haijafunguka. Marabi wengi wa Kiorthodoksi hawautambui uongofu ule, na mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wa Abayudaya la kuhamia huko. Wao hawaketi wakingoja: wanakata rufaa, wanaandika barua, wanajaza fomu upya. Nilimuuliza mzee kama juhudi hizo haziipunguzi imani, akajibu kwamba Yusufu naye alimwomba mnyweshaji amkumbuke kwa Farao, na mnyweshaji akasahau miaka miwili. Kuomba ni kazi yetu, majibu si yetu.

Jumapili asubuhi mwana wa mzee alisafiri nasi kwenda Kampala. Anataka kusomea Jerusalem, na ombi lake la kwanza la viza lilirudishwa bila maelezo. Tulipozipita nyumba za mwisho za Mbale alitoa kijitabu mfukoni, akaisoma sala ya msafiri kwa sauti ya kusikika, nasi tukaitikia amina. Kisha akafungua bahasha aliyokuwa ameipakata, akaanza kunionyesha karatasi moja baada ya nyingine: cheti cha kuzaliwa, barua ya rabi, matokeo ya mitihani, na ile moja ambayo ilikuwa bado inahitaji muhuri wa mwanasheria kabla ofisi hazijafungwa kesho yake.