Sinia la Jumatano

Mwezi wa Julai 2018 ofisi ilinipeleka Melbourne kwa kozi ya wiki moja, na ndani ya mkoba wangu, pamoja na pasipoti, nilikuwa na karatasi yenye majina kumi ya migahawa niliyoyanakili kutoka intaneti nikiwa bado Tanga. Nilijiona mtu aliyejiandaa.

Jumapili niliyofika niliifuata orodha hiyo hadi Lygon Street, mtaa wa Carlton ambao Waitaliano waliohamia huko baada ya Vita vya Pili vya Dunia waliujaza mikahawa na migahawa. Mgahawa wa kwanza haukufunguliwa siku hiyo. Wa pili ulikuwa wazi, lakini ilikuwa imekaribia saa tatu usiku na jiko lilikuwa linafungwa, jambo lililonishangaza mimi niliyetoka kwenye mji ambao saa hiyo ndipo mishikaki inapoanza kunoga. Nikiwa nimesimama pale kwenye baridi, kijana mmoja mwenye orodha ya vyakula mkononi alinikaribisha kwa bashasha mno, na ingawa nimekulia karibu na stendi ya mabasi na nawajua wapiga debe, nilimfuata. Niliagiza tambi za mchuzi wa nyanya kwa kuogopa nyama nisiyoijua. Zilikuja zimepoa. Bili nayo ilikuwa na nyongeza ya asilimia kumi, kwa sababu, kama maandishi madogo yaliyokuwa chini ya orodha yalivyoeleza, ilikuwa Jumapili, siku ambayo wafanyakazi wa Australia hulipwa zaidi. Sheria hiyo ni nzuri kwa wafanyakazi na siilaumu. Nilijilaumu mimi kwa kutosoma hadi chini.

Siku mbili zilizofuata nilikula mkate na ndizi chumbani.

Jumatano asubuhi, mama aliyekuwa akisafisha chumba changu aliyaona maganda ya ndizi, kisha akaniona nikizungumza na nyumbani kwa simu. Alisubiri nimalize, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, kwani unaumwa?" Alikuwa Msomali aliyeishi Eastleigh, Nairobi, miaka mingi kabla ya kuhamia huko. Nilimwonyesha karatasi yangu. Aliisoma yote kwa utulivu, akanirudishia, akasema kuwa kwenye migahawa ile watu hulipia kiti na taa; mimi nipande treni jioni ile hadi kitongoji cha Footscray, nitafute mgahawa wa Wahabeshi ambao watu wake wameketi wengi katika meza moja.

"Lakini mama, kuhusu nyama?" niliuliza.

"Leo si Jumatano? Wakristo wao leo wamefunga. Hawali nyama, hawali maziwa, hawali siagi. Kula chakula chao cha mfungo, usiulize kitu."

Sikuwahi kuifikiria hesabu hiyo. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga karibu kila Jumatano na Ijumaa, na kwa hiyo siku hizo majiko yao huelekeza ustadi wote kwenye nafaka na mboga, wakati migahawa mingine niliyoiona mjini humpa asiyekula nyama sahani ya majani kana kwamba ni mgonjwa.

Kutoka kituo cha Flinders Street treni ilichukua kama robo saa, ikavuka mto Maribyrnong, nikashuka. Karibu na soko Wavietnamu walikuwa wakikamua juisi ya miwa kwa mashine, nikanunua bilauri moja licha ya baridi, kwa sababu ya mlio wa ile mashine tu. Kisha nilitembea polepole nikichungulia madirishani kama nilivyoagizwa. Niliipita migahawa miwili yenye picha kubwa za vyakula na meza tupu, nikaingia wa tatu, mdogo, wenye taa ya mwanga mkali usiopendeza, ambamo familia ya watu saba ilikuwa imezunguka sinia moja.

Nililetewa sinia langu peke yangu, nikaona haya kidogo, maana kwetu mtu haachiwi sinia peke yake. Injera, mkate wao mwembamba, ilikuwa imetandazwa chini, chachu na yenye vitundu kama chila, na juu yake yalipangwa mafungu ya adesi nyekundu yenye pilipili, adesi ya manjano, kabichi na karoti, mboga za majani, na katikati shiro, uji mzito wa unga wa dengu uliokuwa ungali ukitokota. Nilinawa, nikala kwa mkono wa kulia bila kumtazama mtu. Injera ilipopungua mwenye mgahawa aliniongezea nyingine mbili, na bili ilipokuja hazikuwa zimehesabiwa.

Niliagiza pia sambusa nne za adesi za kumpelekea yule mama. Mifuko ilikuwa imekwisha, na mwenye mgahawa alipouliza kama nina kitu cha kufungia, nilitoa ile karatasi yenye majina kumi.