Gari la lizi na barua za paking binafsi: kampuni ya lizi isikulipie kimyakimya

Kwa sisi tunaoendesha magari ya lizi (yaani ya kukodi kwa mkataba) huku Uingereza, barua ya paking ya kampuni binafsi, ile ya kukudai kwamba umevunja masharti ya maegesho yao, huwa inazunguka kweli kabla haijakufikia. Kamera inasoma namba ya gari, kampuni ya paking inailipa DVLA, idara ya serikali inayosajili magari, £2.50 ipewe jina la aliyesajiliwa, na aliyesajiliwa sio wewe, ni kampuni ya lizi. Kwa hiyo we unaendelea na maisha yako huku barua imetua mezani kwa mtu ambaye hajui ulikuwa wapi siku hiyo na wala hajali, anachotaka ni hiyo karatasi imtoke mikononi.

Sasa huyo mtu ana njia mbili. Anaweza kukutaja, yaani awaambie gari yuko nalo fulani, anakaa hapa, mfuateni. Au analipa halafu anakukata kwenye akaunti, na juu yake anaweka ada yao ya usumbufu. Mi walinifanyia hiyo ya pili. Nimekuja kushtuka hela imeshatoka, napiga simu, dada wa watu mpole kabisa ananisomea kifungu cha mkataba kinachowaruhusu kulipa faini yoyote inayohusu gari. Nikamwambia dada angu, faini inatoka halmashauri, polisi au mahakamani, hii ni bili ya kampuni inayodai kuna mtu kavunja masharti ya kibao chao. Tukavutana weee, mwishowe wakarudisha ada yao, ila hela ya paking ndo ikawa imekwenda, maana ikishalipwa hakuna cha rufaa tena.

Kinachouma ni kwamba kwenye hizi barua mwenye gari la lizi yuko pazuri kuliko hata mwenye gari lake. Sheria yenyewe, inayowaruhusu kumdai aliyesajiliwa au mkodishwaji hata kama dereva hawamjui, ni Protection of Freedoms Act ya 2012, Jedwali la 4, aya ya 13 na 14, ni ya England na Wales. Kampuni ya lizi ikishapata barua ina siku 28 za kupeleka vitu vitatu: maelezo yaliyosainiwa kwamba gari limekodishwa kwako, nakala ya mkataba, na nakala ya karatasi uliyosaini kukubali kubeba madeni ya namna hiyo. Ikipeleka hivyo yenyewe imetoka, haidaiwi tena. Halafu kampuni ya paking inatakiwa ikuandikie we mkodishwaji ndani ya siku 21, na kwenye bahasha iweke nakala za hizo karatasi zote pamoja na ile barua ya kwanza kabisa.

Haya, we fungua bahasha yako uangalie kama zimo. Za kwangu zilizofuata, nilipokuwa nishaijua hii, ndani kulikuwa na karatasi moja tu yenye picha ya gari na maandishi makubwa mekundu. Kama hazimo, hawawezi kutumia hiyo sheria kukudai kama mkodishwaji, wanabaki na dereva tu, na dereva hawamjui labda we mwenyewe uwatajie. Ndo maana kwenye rufaa unayoipelekea kampuni ya paking usiandike "nilipaki" wala "nilichelewa kutoka", andika dereva alifanya hivi, dereva alifanya vile, mi ni mkodishwaji na masharti ya aya ya 14 hayajatimizwa. Wakikataa, kuna POPLA au IAS, vyombo vya nje vinavyosikiliza rufaa za paking, kutegemea kampuni ya paking iko chama gani cha biashara yao, kwako ni bure na POPLA inakupa siku 28 tangu wakukatalie. Viwanja vya ndege na stesheni nyingi zina sheria ndogo zake kwa hiyo hapo hilo Jedwali halifanyi kazi, hawawezi kulitumia kabisa, ila dereva bado wanaweza kumdai.

Kuna ushauri wa mtaani kwamba tupa tu hizo barua hawana lolote. Huo ni wa zamani bana. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya ParkingEye na Beavis ilisema £85 kwa kuzidisha muda ni halali, na tangu hapo wana moyo wa kwenda mahakamani. Bili nyingi ni £100, inashuka £60 ukilipa ndani ya siku 14, na kama kweli gari lilikaa masaa na kibao kinaonekana na karatasi zote zimo kwenye bahasha, mi ningelipa hiyo 60 nikalale.

Cha kufanya hata leo, kabla hujapata barua yoyote: tuma imeili kwa kampuni ya lizi uwaambie bili za paking binafsi wasilipe, wakutaje, na uwaombe wakuonyeshe kifungu cha mkataba kinachosema wanaweza kulipa bila kukuuliza. Na anwani yako waliyo nayo iwe sahihi, hasa kama umehama, maana hiyo ndo watakayompa kampuni ya paking na ndo madai ya mahakama yatakapotumwa, usipojibu hukumu inatolewa haupo na utakuja kuikuta kwenye rekodi yako ya mikopo siku unaomba lizi nyingine.