Mguu mmoja huku, mmoja kule

Jumamosi nilimpeleka shangazi Point Reyes, kaskazini mwa San Francisco. Kuna njia fupi ya miguu inayofuata ufa wa San Andreas, mpasuko wa ardhi unaoleta matetemeko, na nguzo za buluu zimechomekwa kuonyesha ufa unapopita. Mimi nilitegemea korongo la kutisha. Wapi! Majani tu, na uzio wa mbao.

Ila huo uzio ndio ulionifunga mdomo. Unakuja umenyooka, ghafla unakatika. Kipande cha pili kinaanzia pembeni, karibu mita 5. Mbao zimewekwa upya, lakini pengo ni la tetemeko la Aprili 18, 1906, saa 11:12 alfajiri. Mita 5, watu bado wamelala!

Shangazi akasimama mguu mmoja huku, mmoja kule, mkoba kaukumbatia. "Mwanangu, hapa nimo nchi ngapi?" Nikamwambia huu uko bamba la Pasifiki, ule la Amerika Kaskazini, yaani vipande viwili vikubwa vya ganda la dunia. Akaurudisha mbio.

Mjini tetemeko lilipasua mabomba ya maji, moto ukawaka siku tatu. Walikufa watu kama 3,000, na zaidi ya 200,000 wakakosa makazi. Tukirudi tulipitia eneo la Mission kuliona bomba la zimamoto lililoendelea kutoa maji wakati mengine yamekauka. Kila Aprili 18 hupakwa rangi ya dhahabu. Shangazi alilipapasa kama kichwa cha mtoto.

Usiku nikamkuta ameshusha kile kioo kikubwa kilichoning'inia juu ya kitanda chake.