Uzoefu wangu: nilivyomaliza triathloni ya sprinti wakati kuogelea nilikuwa sijui

Nianze na maji maana hapo ndo mbio yangu nusura iishe kabla haijaanza. Kukimbia nilikuwa nakimbia miaka mingi, kilomita 5 namaliza huku napiga stori, baiskeli ndo usafiri wangu wa kila siku, ila kuogelea kwangu kulikuwa kule kwa kichwa juu na miguu inapiga piga nyuma, mita 25 nikifika ukutani nashikilia pale dakika mbili nzima nahema. Na katika hali hiyo hiyo nikajiandikisha triathloni, ikiwa imebaki miezi 5.

Niliyojiandikisha ni sprinti, ile fupi. Unaogelea mita 750, unapanda baiskeli kilomita 20, unamalizia na kukimbia kilomita 5, ni nusu kamili ya ile ya Olimpiki ambayo ni kilomita 1.5, 40 na 10 (hiyo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 2000). Neno "fupi" lisikudanganye lakini. Mita 750 kwenye bwawa la mita 25 ni urefu wa bwawa mara 30, na siku yenyewe hamna bwawa, ni maji ya wazi, hamna ukuta wa kushika wala sakafu ya kukanyaga.

Bwawani nilipokuwa najifunza kulikuwa na mama mmoja mtu mzima anafundisha watoto asubuhi. Aliniangalia kama siku tatu hivi, siku ya nne akaniita pembeni. Akaniambia, "Mwanangu, wewe hujachoka. Wewe umebana pumzi." Sikumwelewa. Nikamwambia mama mbona nikitoa kichwa navuta hewa vizuri tu, akasema kuvuta unavuta, kutoa je, unatoa saa ngapi?

Kumbe nilikuwa sitoi. Nikizamisha uso nabana, nikiinua uso ndo najaribu kutoa na kuvuta kwa mpigo mmoja, na muda wenyewe ni nusu sekunde, kwa hiyo hewa chafu inabaki mle mle ndani. Nikaja kuelewa baadae kwamba kile kiu cha kutaka kuvuta pumzi mara nyingi hakisababishwi na oksijeni kuisha, ni kaboni dayoksaidi imejaa kwenye damu, mwili unapiga kelele itoe. Yaani nilikuwa nahisi nakosa hewa wakati kifua kimejaa.

Basi wiki mbili nzima sikuogelea kabisa. Nilisimama kwenye maji ya kifuani, nazamisha uso, napuliza mapovu taratibu kwa pua na mdomo, nageuza kichwa pembeni navuta, narudisha, napuliza, tena na tena, watoto wadogo wako kando yangu wanafanya hivyo hivyo. Baada ya hapo akanifundisha kulaza kichwa nitazame chini, maana kichwa kikiwa juu miguu inazama na unakuwa unavuta mzigo. Wiki ya tatu nikaenda mita 50 bila kusimama. Wiki ya sita 200. Siku niliyofika 400 sikuamini, nikahesabu tena kichwani nikidhani nimekosea, na kilichonifikisha sio nguvu, nilipunguza spidi tu mpaka nikaona kama naogelea polepole kupita kiasi, kumbe ndo spidi yenyewe hiyo.

Maji ya wazi ni somo jingine na nashauri sana usikutane nayo kwa mara ya kwanza siku ya mbio. Bwawani kuna mstari chini unaufuata, huku ukitazama chini ni kiza. Mara ya kwanza niliogelea nikiamini naenda moja kwa moja kwenye boya, nikainua kichwa nikakuta boya liko kulia kabisa, nimekata kona peke yangu. Dawa yake ni kuinua macho tu, macho kama ya mamba, kila baada ya mikono sita au nane, unaona boya alafu unageuza kichwa pembeni kuvuta hewa kama kawaida, usiinue kichwa chote maana miguu itazama. Na ubaridi, ukiingia ghafla kifua kinashtuka unavuta pumzi bila kutaka, kwa hiyo ingia taratibu, jimwagie usoni, tulia kama dakika moja mbili mpaka pumzi ikae sawa ndo uanze. Na usiende peke yako hata siku moja. Mimi nilikuwa na mwenzangu muda wote na boya dogo la rangi kali nimelifunga kiunoni.

Baiskeli na kukimbia sina mengi. Wiki nyingi nilifanya mazoezi matano, mawili ya maji, moja la baiskeli, moja la kukimbia, na moja la kuunganisha, unashuka kwenye baiskeli hapo hapo unaanza kukimbia. Hilo la kuunganisha usilikwepe. Mara ya kwanza nilishuka baada ya nusu saa tu ya baiskeli, miguu ikawa kama sio yangu, mizito, magoti hayataki kupanda, nikajua ningekutana na hali ile siku ya mbio bila kuijua ningedhani nimeumia. Baada ya mara nne tano hivi mwili unazoea. Kingine kilichosaidia ni kulegeza gia kilomita ya mwisho na kuzungusha pedali haraka haraka, kama mizunguko 90 kwa dakika, miguu inaamka kabla hujashuka.

Sasa tranzisheni, pale unapobadilisha kutoka maji kwenda baiskeli na kutoka baiskeli kwenda kukimbia. Watu wanaiita mchezo wa nne na saa haisimami pale, dakika unazopoteza ukitafuta soksi zinahesabiwa kama dakika za kukimbia. Nilitandika taulo nyumbani nikapanga vitu kwa mpangilio wa kuvitumia na nikafanya mazoezi hayo kama mara kumi. Sheria ya kushika kichwani ni ya helmeti, unaivaa na kuifunga mkanda kabla hata hujagusa baiskeli, na ukirudi hufungui mpaka baiskeli iwe imeshaning'inizwa mahali pake. Ndani ya eneo lile hupandi, unaisukuma baiskeli mpaka uvuke mstari wa kupandia, na ukirudi unashuka kabla ya mstari wa kushukia. Viatu niliweka kamba za lastiki, unatumbukiza mguu unaondoka, na namba niliibandika kwenye mkanda wa kiunoni, kwenye baiskeli ikae mgongoni, kwenye kukimbia naizungusha mbele. Alafu kabla mbio haijaanza nilitembea kutoka njia ya kutokea majini mpaka baiskeli yangu ilipo nikihesabu mistari ya baiskeli, maana ukitoka majini kichwa kinazunguka na baiskeli zote zinafanana.

Siku yenyewe tulipangwa kwa makundi ya rangi za kofia, chipu ya kupima muda imefungwa kifundo cha mguu, mimi nikasimama nyuma pembeni kwa makusudi. Ikapigwa honi. Mita kama 100 za mwanzo nikawa sawa, mara mtu akanipiga teke la miwani, maji yakaingia jicho moja, nikanywa funda, na pale pale kifua kikafunga. Miezi 5 ya mapovu yote ikapotea. Nilikuwa nahema juu juu, naona boya la kwanza liko mbali kama halisogei, na nilichowaza ni kuinua mkono wanitoe.

Nikalala chali. Hicho kitu tulikuwa tumekifanyia mazoezi pia na namshukuru yule mama kwa hilo kuliko mengine yote, ukishindwa lala chali, masikio ndani ya maji, tazama juu, puliza. Volantia wa kayaki, kile kimtumbwi cha kupiga kasia, akasogea akaniuliza uko sawa, nikamwambia naomba nishike. Inaruhusiwa, unashika kayaki au boya unapumzika mradi lisikusogeze mbele, hutolewi kwenye mbio. Nikashika, nikamwaga maji kwenye miwani, nikapuliza mara kumi kwa kuhesabu, ndefu, mpaka nikasikia mabega yameshuka. Nikaachia nikaendelea. Kuanzia pale nilihesabu tu moja mbili napuliza tatu navuta, moja mbili napuliza, mpaka mkono ukagusa mchanga. Dakika 22 na sekunde 10.

Tranzisheni ya kwanza ilinichukua 3:40, nyingi, miguu ilikuwa inayumba nikaamua nisikimbilie. Baiskeli nikaenda kwa dakika 46 na sekunde 20. Kwenye mbio yetu kufuata mgongo wa mtu kulikuwa marufuku, unaacha mita 10 na ukiingia kwenye nafasi yake una sekunde 20 uwe umempita, kwa hiyo niliendesha mwendo wangu, nikanywa maji kila baada ya dakika kumi, sikujibu yeyote aliyenipita. Kilomita ya mwisho nikalegeza gia kama nilivyojifunza. Tranzisheni ya pili 1:50.

Kwenye kukimbia nikapata jambo la ajabu, nilijihisi najikokota kabisa, nikatazama saa nikakuta kilomita ya kwanza nimekimbia haraka kuliko mazoezini, miguu bado ilikuwa na ule mzunguko wa pedali. Nikapunguza kwa lazima, na nashukuru nilipunguza, maana kilomita ya tatu tumbo lilianza kukaza na nilikuwa bado na kitu cha kutumia. Nilimaliza kwa dakika 31. Jumla saa 1 na dakika 45. Mbele kwenye utepe kuna mtu alinivua chipu mguuni, nikashindwa kuinama kumsaidia, nikabaki nimesimama machozi yananitoka.

Jioni nikampigia yule mama. Hakuuliza muda wala namba niliyotoka. Akauliza, "Ulisimama mara ngapi?" Nikamwambia mara moja mama, mita mia ya kwanza, nilishika kayaki. Akakaa kimya kidogo, akasema haya, Jumatatu njoo na miwani, nitaleta na wale wakubwa wanne tuwe tunaogelea tumebanana, uzoee kupigwa mateke.