Mwamuzi asihukumu mbuzi aliyemuuza mwenyewe

Binti yangu yuko 4-H, vilabu vya vijana wa Marekani wanaojifunza ufugaji na stadi nyingine, hapa Ohio, jimbo ambako vilabu hivyo vilianzia mwaka 1902. Amemlea beberu wake aliyehasiwa kwa ajili ya mashindano ya mbuzi wa nyama tangu majira ya kuchipua: kumpima uzito, kumtembeza jioni, kumzoesha kutulia mwamuzi anapompapasa. Mkono ule ndio hukumu yenyewe. Unapita mbavuni kutafuta mafuta, unabana kiuno kupima nyama, unashuka pajani.

Safari hii mwamuzi alikuwa mfugaji anayeuza mbuzi wa mashindano, na mbuzi aliyeshinda alitoka zizini kwake. Wazazi tulijua. Huenda alistahili, kiuno chake kilikuwa kipana kweli. Lakini mwamuzi alishika kipaza sauti, akasema maneno mawili matatu, na watoto wengine wakatoka uwanjani bila kujua walipungukiwa wapi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Pesa nazo zinachochea. Kwenye maonyesho ya mifugo ya Houston, Texas, mwaka 2022, maksai bingwa alinadiwa kwa dola milioni 1. Kwa donge kama hilo, kujuana hakukosi kuingia.

Nimeiandikia kamati yetu: mwamuzi atoke mbali, ataje mapema wanyama aliowauza, aeleze sababu za kila nafasi. Wadogo wapewe utepe wa buluu, mwekundu au mweupe, kuanzia daraja la juu, kwa kulinganishwa na kiwango, si na mbuzi wa jirani; 4-H inaufahamu utaratibu huo vizuri. Kikao ni Jumanne. Binti yangu atakuja aseme mwenyewe.