Ninavyokula nje Dar bila kugusa ngano

Nikitaka kula salama hapa Dar, namwamini mama ntilie kuliko hoteli ya ghorofani. Wengi hunibishia. Lakini hotelini namuuliza mhudumu, anapotea kidogo, anarudi na tabasamu: "Hakuna shida, bosi." Kamuuliza nani, sijui. Kwa mama ntilie sufuria liko mbele yangu na aliyelipika ndiye huyo ananipakulia.

Nina siliaki. Si mzio, wala si kuringa na chakula. Nikila gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano), kinga ya mwili inaugeukia utumbo mwembamba na kuujeruhi. Tiba yake ni kuacha moja kwa moja, maisha yote, na chembe tu zinatosha kuleta madhara.

Ukiuliza "kuna ngano humu?", mtu anawaza chapati na mkate, anakujibu hakuna. Kwa hiyo mimi nauliza upishi. Mchuzi umetiwa unga ili uwe mzito? Samaki amepakwa unga kabla ya kukaangwa? Na swali ninalolipenda zaidi:

"Mama, shikamoo. Mafuta haya asubuhi umekaangia nini?"

"Marahaba. Maandazi, mwanangu. Kwani vipi?"

Basi chipsi nazisahau, ingawa ni viazi vitupu, kwa sababu zimeogelea palepale. Nikishaeleza kwamba ngano inaniumiza tumbo, mara nyingi mama mwenyewe ananiongoza: chukua samaki huyu wa nazi, yule wa kukaanga achana naye. Naomba anipakulie kwa upawa safi, asitumie mkono uliotoka kushika chapati. Ugali wa sembe, wali, maharage, mtori, ndizi nyama: hapo nashiba bila wasiwasi, alimradi nimeuliza.

Mitego ipo kwingine. Kuku na mishkaki ya baa huweza kulowekwa kwenye sosi ya soya, na sosi nyingi za soya za dukani zina ngano. Uji wa ulezi mtupu nanywa. Uji wa lishe hapana, mpaka nijue kilichosagwa humo. Vitumbua ni vya mchele, ila wapo wanaoongeza ngano kidogo, kwa hiyo nina muuzaji wangu mmoja, hukaanga vitumbua peke yake. Ukichelewa, umekosa.

Kisutu, kwenye migahawa ya Kihindi isiyopika nyama, dosa, ule mkate mwembamba wa Kihindi, ni mchele na dengu tu, na bamba lake halipiki chapati ukibahatika. Ila mvuje, kiungo chenye harufu kali, ukiwa umesagwa mara nyingi huchanganywa na ngano, nao hutiwa kwenye sambari, mchuzi wa dengu unaoliwa na dosa. Nakula dosa tupu, watu wananishangaa, nawaacha washangae.

Urojo ndio ulioniuma kuuacha. Ule uzito wake hutokana na unga wa ngano, na sijapata mpishi wa kunibadilishia.

Wikiendi wenzangu wakienda Coco Beach nafuatana nao kwa raha zote, maana muhogo wa kuchoma kwa mkaa, chumvi, pilipili na ndimu haunilazimu kuhoji mtu. Bia ni shayiri, siigusi. Nakunywa soda, na bili ikija tunagawana sawa na waliokunywa kreti nzima. Hilo bado tunagombana.